Australia na Gemu za Ukatili: Ulinzi Uliomkosa Mtoto

Kila Bodi ya Uainishaji ya Australia inapoinyima gemu daraja, habari huenea ikiwa imeshapindwa. Mmoja huandika kwamba Australia imepiga marufuku gemu za kuua. Mwingine hudakia kwamba hiyo ni ithibati kuwa gemu hizo huzalisha wahalifu. Wa tatu hulalamika kwamba serikali inawalea watu wazima kama watoto. Ukifuatilia undani wake, mara nyingi utakuta gemu yenyewe haikukataliwa kwa sababu ya kuua. Imekataliwa kwa sababu ya bangi, au mofini, au tukio moja fupi. Na baada ya miezi michache inauzwa kama kawaida, tukio hilo likiwa limekatwa.

Mkanganyiko huu una chanzo. Maswali manne tofauti yanajadiliwa kana kwamba ni moja. Je, gemu za ukatili humdhuru anayezicheza? Nani aamue mtoto wa umri gani acheze nini? Je, serikali ina haki ya kumzuia mtu mzima? Na je, sheria iliyoandikwa kwa ajili ya kasha la dukani inaweza kufanya kazi wakati gemu inapakuliwa kwa simu? Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa swali la kwanza na hapana kwa la tatu, na asiwe amejipinga. Australia ni mahali pazuri pa kuyatenganisha maswali haya, kwa sababu kwa karibu miaka 20 iliendesha mfumo mkali, kisha ikaubadilisha baada ya mjadala wa hadharani. Matokeo ya kabla na ya baada yanaonekana, na yanaweza kupimwa.

Mfumo ulivyojengwa

Mwaka 1993 gemu mbili ziliwashtua wabunge wa Marekani na wa Australia. Mortal Kombat ilimruhusu mshindi kumwangamiza mpinzani kwa namna za kutisha, na Night Trap ilitumia waigizaji halisi waliorekodiwa kwa kamera. Marekani, Seneti iliyahoji makampuni, nayo yakaunda chombo chao cha kujisimamia, ESRB, mwaka 1994. Australia ilichagua njia nyingine: serikali yenyewe ipange madaraja, na gemu isiyo na daraja isiuzwe.

Sheria ya Uainishaji ya 1995, iliyoanza kutumika Januari 1996, ni mapatano kati ya serikali ya shirikisho na majimbo. Serikali ya shirikisho huunda Bodi na kuhifadhi vigezo. Majimbo hutunga adhabu na kuzisimamia. Kwa kuwa ni mapatano, kubadilisha jambo la msingi kulihitaji Wanasheria Wakuu wote wa serikali hizo wakubaliane. Mmoja akikataa, hakuna kinachosogea. Misingi ya mfumo huo imeandikwa waziwazi: mtu mzima awe huru kuchagua anachosoma, anachotazama na anachocheza, mtoto alindwe, asiyetaka kuona kinachomchukiza asilazimike kukiona, na wasiwasi wa jamii juu ya ukatili, hasa ukatili wa kingono, uzingatiwe.

Madaraja ya chini ni ushauri tu: G kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, M kwa wenye miaka 15 na zaidi. Sheria inaanza kuuma kwenye MA15+, ambapo aliye chini ya umri huo hauziwi bila mzazi au mlezi kuwepo. Filamu zilikuwa na daraja jingine juu ya hilo, R18+, la watu wazima peke yao, lenye asili katika mageuzi ya waziri Don Chipp mwaka 1971. Gemu hazikupewa daraja hilo. Gemu iliyozidi kiwango cha MA15+ ilikwenda moja kwa moja kwenye kundi la zilizonyimwa daraja: haiuzwi, haikodishwi, haitangazwi, na forodha huikamata ikiagizwa kutoka nje. Katika jimbo la Australia Magharibi hata kuwa nayo tu ni kosa.

Sababu za kuliacha daraja hilo zilikuwa mbili. Ya kwanza ni dhana ya miaka ile kwamba gemu ni kitu cha watoto. Ya pili ni hoja ya ushiriki: anayetazama filamu humwona mwingine akiua, lakini anayecheza gemu hubonyeza kitufe mwenyewe. Dhana ya kwanza ilipitwa na wakati mapema. Tafiti za Jeffrey Brand wa Chuo Kikuu cha Bond zilionyesha, kufikia mwishoni mwa muongo wa 2000, kwamba mchezaji wa wastani nchini Australia alikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Aliyekuwa mtoto mwaka 1993 alikuwa ameshakua, ana kazi na familia, na bado anacheza. Hoja ya pili ni nzito zaidi, na inastahili kupimwa kwa utafiti.

Gemu za watu wazima zilikwenda wapi?

Wengi walidhani kwamba kukosekana kwa R18+ kuliifanya Australia isiwe na gemu kali. Haikuwa hivyo. Gemu hizo zilitengenezwa Marekani, Japani na Ulaya kwa soko la dunia nzima, na zisingeacha kutengenezwa kwa sababu ya sheria ya nchi moja. Zilipofika mbele ya Bodi, zilipatwa na moja kati ya mambo matatu.

Baadhi zilikataliwa kabisa. Manhunt ilipewa MA15+ mwaka 2003, kisha mwaka uliofuata Bodi ya Rufaa ikaifutia daraja hilo na kuiondoa sokoni. Mortal Kombat mpya ya 2011 ilikataliwa pia.

Nyingine zilikatwakatwa. Left 4 Dead 2, gemu ya kupambana na mazombi, ilikataliwa mwaka 2009, ikarudishwa ikiwa imepunguzwa damu na viungo vilivyokatwa, maiti zikitoweka zinapoanguka, ikapewa MA15+. Fallout 3 ilikwama mwaka 2008 kwa sababu mchezaji alitumia mofini kupunguza maumivu. Watengenezaji, Bethesda, wakaibadilisha jina dawa hiyo ikaitwa Med-X, na wakaibadilisha kwa dunia nzima badala ya kutoa toleo la Australia peke yake. Mchezaji wa Ujerumani au Kanada aliyekutana na Med-X alikuwa akiguswa na kanuni ambayo hakuna mbunge wake aliyeipigia kura.

Jambo la tatu ndilo ambalo wapinzani wa R18+ walipaswa kulitazama kabla ya mengine yote. Gemu nyingi za watu wazima zilisukumwa chini hadi MA15+. Grand Theft Auto IV ya 2008, God of War III ya 2010, na Call of Duty: Modern Warfare 2 ya 2009, yenye tukio la kuwapiga risasi raia katika uwanja wa ndege, zote zilipewa 18 Uingereza. Australia zilipewa MA15+, maana yake kijana wa miaka 15 aliweza kuingia dukani peke yake na kuzinunua kihalali. Nchi iliyojinadi kuwa kali kuliko nyingine ilikuwa ikimuuzia kijana wake kile ambacho Uingereza ilimkataza wa kwake.

Wanabodi hawakuwa wazembe. Ngazi iliyokosa kipandio cha juu humlazimisha aliyefika huko ama ashuke ama aanguke, na kwa gemu ambayo ni dhahiri ni ya watu wazima, lakini si ovu kiasi cha kupigwa marufuku nchi nzima, kuishusha kulionekana kuwa uamuzi wa kiasi. Tazama Aliens vs. Predator. Desemba 2009 Bodi iliinyima daraja. Kampuni ya Rebellion iliyoitengeneza ikakataa kuipunguza, rufaa ikakatwa, na muda mfupi baadaye Bodi ya Rufaa ikaipa MA15+ bila kugusa chochote. Gemu ileile, picha zilezile: kwanza ilikuwa haifai kwa mtu mzima yeyote nchini, kisha ikafaa kwa kijana wa miaka 15. Tofauti ndogo ya maoni kati ya vikao viwili ilizaa tofauti kubwa ya matokeo, kwa sababu hapo katikati hapakuwa na pa kukanyaga.

Hoja za waliopinga

Sura ya upinzani ilikuwa Michael Atkinson, Mwanasheria Mkuu wa Australia Kusini kuanzia 2002 hadi 2010. Kwa kura yake moja alizuia mabadiliko kwa miaka hiyo yote. Nje ya serikali, sauti kubwa ilikuwa ya kundi la ushawishi la Kikristo, Australian Christian Lobby.

Atkinson hakuwa mtu wa vitisho vitupu, na hoja yake ina nguvu kuliko wapinzani wake walivyokubali. Alisema kwamba gemu ikishaingia nyumbani, lebo haina tena anayeisimamia. Baba atainunua kwa ajili yake, kaka mkubwa ataicheza sebuleni, na mdogo wao wa miaka tisa atakuwa pembeni akitazama au amekamata rimoti. Usumbufu wa watu wazima wachache wanaokosa gemu fulani, kwa mizani yake, ni mdogo kuliko madhara kwa watoto walio dhaifu zaidi. Akaongeza kwamba gemu zinazokataliwa kwa mwaka ni chache mno kiasi kwamba mtu mzima bado ana mamia ya kuchagua.

Kila mzazi anajua kwamba sehemu ya kwanza ni kweli. Udhaifu uko kwingine. Hoja hiyo, ikifuatwa hadi mwisho wake, inataka pia kuondolewa kwa filamu za R18+, mvinyo na kila kitu cha mtu mzima kinachokaa kabatini, na Atkinson hakutaka hivyo. Zaidi ya hayo, haikuligusa tatizo la MA15+. Kizuizi chake kilikuwa juu ya gemu chache zilizokataliwa, huku gemu nyingi za ukatili zikipita chini yake kwa jina la vijana. Mtoto wa miaka tisa aliyemhofia alikuwa tayari na Modern Warfare 2 nyumbani, na kasha lake lilimwambia mama yake kwamba inafaa kuanzia miaka 15.

Lipo pia suala la utaratibu. Mtu mmoja, aliyechaguliwa na wakazi wa jimbo la uchaguzi la Croydon huko Adelaide, aliamua kwa niaba ya nchi nzima. Hilo halikuwa kosa lake, kwani sheria ilimpa mamlaka hayo. Lakini liliwafanya watu wamjadili yeye badala ya kuijadili sera. Wachezaji wakaunda chama, Gamers 4 Croydon, kumkabili katika uchaguzi wa Machi 2010. Alikitetea kiti chake bila shida, kisha akajiuzulu uwaziri kwa hiari yake.

Hoja za waliotaka R18+

Upande wa pili ulisimama juu ya uthabiti: kama mtu mzima anaaminiwa kutazama filamu kali, kwa nini asiaminiwe kucheza gemu kali? Ulisimama pia juu ya taarifa kwa mzazi. Alama nyeusi ya R18+ juu ya kasha humwambia mzazi jambo ambalo MA15+ haimwambii, naye huielewa haraka kwa sababu ameizoea kwenye filamu.

Hoja ya taarifa ndiyo bora kuliko zote katika mjadala mzima, na inasikitisha kwamba ilizikwa chini ya hoja ya uhuru. Wachezaji walipiga kelele juu ya haki zao, na kelele hizo zikamfanya mzazi aliyekuwa na wasiwasi aone kwamba anaombwa kutoa kitu, wakati kwa hakika alikuwa anapewa.

Upande huu nao ulikuwa na udhaifu. Serikali ilipoomba maoni ya umma, ikafunga dirisha mwishoni mwa Februari 2010, ilipokea maoni zaidi ya 58,000, na takriban 98 kwa kila 100 yaliunga mkono R18+. Namba hiyo imenukuliwa mara nyingi kama kura ya taifa, nayo si kura ya taifa. Sehemu kubwa ilikusanywa kupitia maduka ya gemu ya EB Games na kampeni ya wachezaji. Ni kipimo cha jinsi wachezaji walivyojipanga; hakipimi mawazo ya nchi. Tena makampuni yaliyodai yanamjali mtoto yalikuwa na bidhaa ya kuuza, na yalikuwa yameuza kwa faida gemu za MA15+ miaka yote hiyo bila kulalamika kwamba daraja lilikuwa chini mno.

Aliyemfuata Atkinson, John Rau, alikuwa na wazo ambalo halikupata nafasi liliyostahili. Alikubali R18+ lakini akataka MA15+ ifutwe, ili mstari kati ya mtoto na mtu mzima uwe mmoja na usio na utata. Wazo hilo lilishika kiini cha tatizo, ingawa lingemnyima kijana wa miaka 16 mambo mengi ambayo hayamdhuru.

Utafiti unasema nini

Hapa ndipo kila upande hujichukulia kinachoufaa. Mwaka 2010 Craig Anderson na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, wakahitimisha kwamba gemu za ukatili huongeza mawazo na mwenendo wa uchokozi. Christopher Ferguson na wengine wamepinga kwa miaka mingi: vipimo vinavyotumika maabara, kama vile kumpigia mtu sauti kali masikioni, haviko karibu na uhalifu wa mtaani, na tafiti zisizoona athari huchapishwa kwa nadra. Mwaka 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichunguza vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, takriban 1,000, wakitumia madaraja rasmi kupima ukatili wa gemu badala ya maoni ya vijana wenyewe. Hawakuona uhusiano na uchokozi. Mwaka 2020 Shirika la Wanasaikolojia la Marekani lilieleza msimamo wake upya: upo uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzihusisha gemu na vitendo vya kikatili.

Kwa Australia, waraka wenye uzito ni mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Idara ya Mwanasheria Mkuu wa shirikisho mwaka 2010. Yalisema kwamba madhara makubwa hayajathibitishwa wala hayajakanushwa kwa namna ya kuridhisha, na kwamba ushahidi wa gemu kuathiri zaidi ya filamu ni mdogo. Hoja ya ushiriki, iliyokuwa imebeba mfumo mzima, ilibaki bila nguzo.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba basi hakuna la kudhibiti. Kutothibitika kwa madhara si uthibitisho wa usalama, na uainishaji hauhitaji uthibitisho wa uhalifu ili uwe halali. Mtoto wa miaka saba akikosa usingizi kwa wiki nzima kwa sababu ya alichokiona, hajawa muuaji, ila amesumbuliwa, na mzazi ana haki ya kuonywa mapema. Sheria ya Australia yenyewe inataja kusumbuliwa pamoja na kudhurika. Kumpigia marufuku mtu mzima ndiko kunakohitaji ushahidi mzito, na ushahidi huo haupo.

Baada ya 2013: bangi kuliko bunduki

Julai 2011 Wanasheria Wakuu walikubaliana kimsingi, New South Wales ikijizuia kupiga kura. Seneti ikapitisha sheria Juni 2012, na tarehe 1 Januari 2013 R18+ ikaanza kwa gemu. Ninja Gaiden 3: Razor's Edge ikawa ya kwanza kuipata. Mortal Kombat ya 2011 ikaruhusiwa bila kukatwa, na mwaka 2014 Left 4 Dead 2 ikaruhusiwa katika hali yake ya awali.

Wengi walidhani suala limekwisha. Miezi michache tu baadaye, Juni 2013, Saints Row IV na State of Decay zilikataliwa. Jibu la kwa nini liko katika vigezo vilivyoandikwa kuyaridhisha majimbo yaliyositasita. Daraja jipya la gemu halikufanana na la filamu. Ukatili mkali unaruhusiwa kwa mipaka, lakini matumizi ya dawa za kulevya yanayompa mchezaji tuzo au faida hayaruhusiwi hata kwa mtu mzima, na ukatili wa kingono, hata wa kudokezwa tu, umewekewa masharti mazito.

Kanuni ya tuzo ndiyo iliyozaa maamuzi ya ajabu. Saints Row IV ilipoondolewa sehemu ya dawa za kulevya za kubuni na silaha moja ya kudhalilisha, haikupata R18+, ilipata MA15+. Yaani iliruka kutoka marufuku hadi kwa vijana wa miaka 15, ikalivuka daraja lililoundwa kwa ajili yake. Mwaka 2018 We Happy Few, gemu inayolaani jamii inayojitia ganzi kwa vidonge, ilikataliwa kwa sababu vidonge hivyo humsaidia mchezaji kupita. Bodi ya Rufaa ikaipa R18+. Mwaka 2019 DayZ, ambayo mfumo wa mtandaoni ulikuwa umeshaipa MA15+, ilikataliwa ilipoletwa kwa ajili ya kuuzwa katika makasha, kwa sababu ya bangi. Watengenezaji wakaiondoa bangi kwa dunia nzima. Mwaka 2021 ikafuata Disco Elysium, hadithi ya mpelelezi mlevi ambaye ulevi unamwangamiza. Nayo ilikataliwa, nayo ikarudishwa kwa rufaa kwa sababu mchezo unayaonyesha madhara ya ulevi. Wakati wa mabishano hayo yote, toleo lake la kompyuta lilikuwa linauzwa mtandaoni tangu 2019.

Katika gemu hizo zote mchezaji anaweza kuua, na kuua huko hakukuwa sababu ya kuzikataa. Kanuni ya tuzo haiangalii kazi inasema nini; inaangalia kama kidonge kinaongeza alama. Kwa hiyo inaibana hadithi inayoonya juu ya ulevi sawasawa na ile inayousifu, na mwenye uwezo wa kulipia rufaa ndiye anayeokoka. Mtengenezaji mdogo huondoka sokoni, au huifuta sehemu inayolalamikiwa.

Hili halimaanishi kwamba hakuna mstari. Hotline Miami 2 ilikataliwa mwaka 2015 kwa tukio lililodokeza ubakaji, na hapo Bodi ilikuwa inatekeleza wasiwasi halisi wa jamii uliotajwa waziwazi katika misingi ya sheria. Mtu anaweza kutokubaliana na uamuzi huo, lakini sababu yake inaeleweka. Kunyima gemu daraja kwa jina la mofini hakueleweki.

Njia za wengine

Marekani iliachia makampuni yajisimamie. California ilipojaribu mwaka 2005 kupiga faini uuzaji wa gemu za ukatili kwa watoto, Mahakama ya Juu ya nchi iliitupa sheria hiyo Juni 2011 kwa majaji 7 dhidi ya 2, ikisema gemu zinalindwa na uhuru wa kujieleza kama vitabu. Cha kuzingatia ni utekelezaji: mwaka 2013 Tume ya Biashara ya shirikisho ilipowatuma vijana wajaribu kununua gemu za wenye miaka 17, ni 13 kati ya 100 waliouziwa. Hakuna askari aliyehusika, ni maduka yaliyojiwekea nidhamu yakiogopa sheria.

Uingereza ilijaribu marufuku na ikashindwa. Bodi yake ya filamu iliikataa Manhunt 2 mwaka 2007, rufaa ikaushinda uamuzi huo, na mwaka 2008 gemu ikauzwa kwa watu wazima. Kuanzia Julai 2012 nchi hiyo hutumia madaraja ya PEGI ya Ulaya, yaliyobuniwa na sekta yenyewe, lakini yakiwa na nguvu ya sheria: kumuuzia mtoto gemu ya 18 ni kosa. Mchanganyiko huo, utaalamu wa sekta na meno ya serikali, ndio unaonishawishi zaidi. Kasoro yake ni moja: meno hayo humng'ata mwenye duka, na maduka yanazidi kufungwa.

Dodoso, simu na kamari

Kwa kuwa Bodi ya watu wasiozidi 20 haiwezi kucheza maelfu kwa maelfu ya gemu za simu, tangu 2015 Australia inatumia mfumo wa kimataifa wa IARC. Mtengenezaji hujaza dodoso, na programu hutoa daraja kwa kila nchi papo hapo. Katika miezi ya mwanzo gemu zaidi ya 200 zilinyimwa daraja kwa njia hiyo, idadi iliyozidi mbali zile zilizokataliwa na Bodi kwa miaka mingi, na hapakuwa na mjadala wowote.

Mfumo huohuo ndio unaomfikia msomaji wa Kiswahili. Mzazi wa Mombasa au Dodoma anayeona 7+ au 12+ katika duka la Google Play anasoma matokeo ya dodoso hilo. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya na Bodi ya Filamu ya Tanzania zinafanya kazi chini ya sheria za filamu na michezo ya jukwaani, zilizotungwa kabla ya simu hizi kufikiriwa. Kijana anayelipia dakika zake katika kibanda cha PlayStation mtaani haulizwi umri na mtu yeyote, na kasha lenye lebo liko kwa mwenye kibanda, kama lipo. Kilicho hapa kwa sasa ni namba iliyojazwa na mtengenezaji mwenyewe.

Wakati huohuo tatizo limehama. Tangu Septemba 22, 2024, Australia inataka gemu zenye ununuzi wa kubahatisha, kama makasha ambayo mtoto hulipia bila kujua kilichomo, zisipewe chini ya M, na gemu za kuigiza kamari ziwe R18+. Haya ni mageuzi ya maana kuliko ugomvi wowote juu ya bangi, kwani yanagusa kitu kinachomtoa mtoto fedha halisi. Hata hivyo M ni ushauri tu. Kumwekea mtoto ushauri mbele ya kasha la kubahatisha ni hatua ndogo mno.

Kupima

Nikiweka pande hizi mizanini, upande wa R18+ ulikuwa sahihi, ila kwa sababu ambayo haukuitilia mkazo. Daraja la watu wazima lilimsaidia mtoto kwanza, kwa kuziondoa gemu kali kutoka mikononi mwa kijana wa miaka 15 na kumpa mzazi onyo analolielewa. Atkinson alikuwa sahihi kwamba nyumbani lebo haina polisi, na hilo halijatatuliwa hadi leo na nchi yoyote. Lakini jibu lake liliwaacha wazazi na taarifa pungufu katika mahali pekee ambapo uamuzi hufanyika.

Kuhusu utafiti, uzito uliopo unatosha kuonya, hautoshi kupiga marufuku. Nchi inayotaka kumzuia mtu mzima ni lazima iwe na sababu nyingine ya wazi, kama Australia ilivyo nayo kwa ukatili wa kingono, na iitaje kwa jina lake badala ya kujificha nyuma ya mtoto.

Kilichobaki ni marekebisho mawili, na yote yako ndani ya uwezo wa mawaziri. Kanuni ya tuzo iondolewe katika R18+, na dawa za kulevya ndani ya gemu zihukumiwe kwa muktadha, kama zinavyohukumiwa katika filamu. Bodi ina mamlaka ya kulifuta daraja la dodoso inapoona majibu hayakuwa ya kweli. Ikipunguziwa mabishano ya mofini na bangi, ipewe wafanyakazi wa kuyakagua kwa utaratibu madodoso ya gemu za simu zilizopewa madaraja ya chini kabisa, kwa kuwa hizo ndizo watoto wadogo wanazopakua, na humo ndimo makasha ya kubahatisha yanakojificha.